Usione vyaelea: mwanya wa beringi katika dizeli ya nguvu

Chukua nusu ya beringi ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki, mhimili mkuu unaozunguka), ile iliyopinda kama mwezi mchanga, uigeuze mpaka upande wa ndani ukuelekee. Mgongo wake ni chuma. Juu ya chuma kuna tabaka la shaba iliyochanganywa na metali nyingine, na juu kabisa, kwenye beringi nyingi za kazi nzito, kuna ngozi laini ya kijivu yenye unene wa maikroni 20 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ni laini kiasi kwamba ukucha mgumu unaweza kuiachia alama. Halafu fikiria kwamba kila silinda inapowaka, tani kadhaa zinashuka juu ya ngozi hiyo, mara elfu moja na zaidi kwa dakika, na bado katika injini iliyofungwa vizuri unaweza kuifungua baada ya miaka ukaikuta ipo.

Anayejenga dizeli ya nguvu, iwe ya mashindano ya kuvuta trekta, ya mbio, au ya gari la kazi lililoongezewa turbo na injekta kubwa, siku moja atauliza: niache mwanya kiasi gani? Akiuliza mafundi watatu atapata namba nne. Mmoja atamwambia akaze, dizeli haitaki uhuru. Mwingine atamwambia afungue, injini ikipata moto kranki iwe na pa kupumulia. Wa tatu atamwambia afuate kitabu cha kiwanda, kisha atanong'ona namba yake mwenyewe. Wote wana injini zinazotembea, ndiyo maana ubishi hauishi.

Shida ni kwamba namba ya mwanya ikitajwa peke yake haisemi kitu. Imefungwa kamba moja na oili, mzigo, mwendo wa kranki na ugumu wa bloku. Ukivuta kimoja, vingine vinafuata. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji ajue naelekea wapi: wajenzi wengi wa dizeli wanafungua mwanya kupita kiasi, kwa sababu ushauri wanaoufuata ulizaliwa kwenye injini za petroli za mbio, na dizeli inaumiza beringi zake kwa njia nyingine kabisa.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Mwanya ninaouzungumzia ni tofauti kati ya kipenyo cha shingo ya kranki, yaani sehemu yake ya mviringo inayokaa ndani ya beringi, na kipenyo cha ndani cha beringi ikiwa imeshawekwa mahali pake na bolti zimekazwa kwa torki ya mwisho. Mwanya wa milimita 0.06 maana yake ni 0.03 kila upande, endapo kranki ingekaa katikati. Haikai katikati kamwe.

Kinachoibeba kranki

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano wa beringi, zile zinazofanana na za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikombe cha kudondoshea oili. Alipowasha mtambo, badala ya oili kuingia, ikatoka. Akaziba tundu kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akaweka kigingi cha mti, nacho kikatoka. Mwishowe akafunga geji, nayo ikapanda kupita pauni 200 kwa inchi mraba, ilhali mzigo aliouweka, ukigawanywa kwa eneo lote la beringi, ulikuwa pauni 100 tu. Hakukuwa na pampu yoyote. Ekseli yenyewe, kwa kuzunguka, ilikuwa ikiiburura oili kuiingiza kwenye sehemu nyembamba na kuigeuza kuwa kabari. Miaka 3 baadaye Osborne Reynolds aliandika hesabu ya jambo hilo, na hesabu hiyo ndiyo ambayo kompyuta za viwanda vya injini bado zinaikokotoa.

Kwa hiyo kranki haikalii beringi. Inaelea juu ya oili inayoibana yenyewe, na pampu ya oili kazi yake ni kuleta mzigo mpya wa oili mlangoni tu. Bari 4 au 5 za pampu haziwezi kunyanyua chochote hapo ndani, ambako kabari inatengeneza mgandamizo wa mamia ya bari. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hapa muundo wenyewe ni huo mwanya.

Moto unapowaka ndani ya silinda, kranki inasukumwa upande mmoja mpaka utando wa oili ubaki na maikroni 1 au 2. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 60 hadi 80 hivi. Ule mwanya wote wa 0.06 uliousumbukia mezani umehamia upande wa pili usio na mzigo, na kazi ya kuizuia chuma isiguse chuma inafanywa na utando usioonekana.

Ni kitu gani basi kinachoamua utando huo uwe mnene au mwembamba? Mjerumani Arnold Sommerfeld aliliweka jambo hilo kwenye namba moja mwaka 1904. Chukua mnato wa oili, zidisha kwa mwendo wa mzunguko, gawanya kwa mzigo. Kisha zidisha kwa uwiano wa nusu-kipenyo cha shingo na mwanya wa upande mmoja, uwiano huo ukiwa umezidishwa kwa wenyewe. Namba ikiwa kubwa, kranki inaelea kwa raha. Ikiwa ndogo, inakaribia ukuta.

Tazama mahali mwanya ulipo: chini ya mstari, tena kwa mraba. Ukiufungua kutoka 0.050 hadi 0.0625, yaani kwa robo, namba ya Sommerfeld inabaki asilimia 64 ya ilivyokuwa. Ukitaka irudi bila kugusa kitu kingine, itabidi mnato wa oili uongezeke mara 1.56. Oili ya daraja la 40 iliyo katikati ya daraja lake ina mnato wa karibu sentistoki 14.4 kwa nyuzi 100, mara 1.56 ni zaidi ya 22, na daraja la 50 linaishia 21.9. Umesharuka daraja zima na kuingia la 60, kwa robo tu ya mwanya. Hesabu hii ni ya beringi ya kitabuni yenye mzigo usiobadilika, na ndani ya injini mambo yana vurugu zaidi, lakini mwelekeo ni huo huo.

Kuna na suala la umbo. Weka gilasi ndani ya gilasi nyingine iliyoizidi kidogo tu, uilaze pembeni: zinakutana kwa tumbo pana. Weka gilasi ndogo ndani ya kubwa zaidi, zitagusana kwa mstari mwembamba. Kranki ndani ya mwanya mpana ni ile gilasi ndogo. Mzigo uleule unakusanyika mahali padogo, na ile ngozi ya kijivu inachoka mapema.

Basi kwa nini tusikaze tu?

Kwa sababu ya joto, na kwa sababu chuma hakitulii.

Oili inayobanwa kwenye mwanya mwembamba inasuguliwa zaidi, na oili inayosuguliwa inapata moto. Wakati huo huo inayopita kuondoa moto huo inapungua. Inapungua kwa kiasi gani? Oili inayovuja pembeni mwa beringi kwa kusukumwa na pampu inafuata mchemraba wa mwanya, yaani mwanya mara tatu kwa wenyewe. Kutoka 0.050 kwenda 0.063 uvujaji unakuwa karibu mara 2. Kutoka 0.050 kwenda 0.075 unakuwa mara 3.4. Ukirudi nyuma, hesabu hiyo inakukata vilevile: ukikaza mwanya kidogo tu, mto wa oili unageuka kijito. Oili inapata moto, mnato unashuka, utando unakonda, moto unazidi. Mzunguko huo ukianza, injini inakamata kabla dereva hajamaliza kujiuliza harufu inatoka wapi.

Kuna hatari mbili, moja kila upande. Mwanya mdogo unaua ghafla. Mwanya mkubwa unaua polepole, kwa kuchosha beringi na kuishiwa presha. Nadhani ndiyo sababu mafundi wengi wanapendelea kufungua: injini iliyokamata siku ya kwanza inakuvunjia jina, iliyopiga konrodi baada ya msimu inalaumiwa dereva.

Tani 16 juu ya beringi moja

Tuchukue injini inayopendwa sana na wajenzi wa dizeli za nguvu, Cummins ya lita 5.9 yenye silinda 6 kwa mstari. Kipenyo cha silinda ni milimita 102. Uso wa pistoni ni sentimita mraba 82 hivi. Mgandamizo wa juu wa moto ukifika bari 200, na kwenye injini iliyoongezewa nguvu si ajabu kuupita huo, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu inayozidi tani 16. Nguvu hiyo inashuka kwenye konrodi na kuishia kwenye nusu ya juu ya beringi ya konrodi, kisha inaendelea kupitia kranki hadi nusu za chini za beringi kuu, zile ambazo wengi tunaziita za meni.

Injini ya petroli ya mbio inaumia kwingine. Pale adui mkubwa ni mwendo. Pistoni na konrodi zinaporushwa juu mara 7,000 au 8,000 kwa dakika na kuzuiwa ghafla, zinavuta kranki kwa nguvu inayoongezeka kwa mraba wa mwendo: kutoka mizunguko 3,500 hadi 7,000 ni mara 4. Nguvu hiyo inalalia nusu ya chini ya beringi ya konrodi na inavuta nyumba ya beringi iwe ndefu kama yai, kiasi kwamba inabana pembeni kwenye maungio. Injini ya namna hiyo inahitaji nafasi. Inahitaji pia oili nyingi ya kupoza. Na mwendo wenyewe unaisaidia, kwa kuwa mwendo uko juu ya mstari kwenye namba ya Sommerfeld: kranki inayozunguka kwa kasi inaunda kabari imara hata mwanya ukiwa mpana.

Dizeli haina msaada huo. Mzigo wake mkubwa unakuja injini ikizunguka 2,000 au 2,500, turbo limeshajaa na dereva amekanyaga mpaka sakafuni. Mzigo uko juu kabisa na mwendo uko chini. Kwa lugha ya Sommerfeld ni pabaya maradufu, na kulijibu jambo hilo kwa kupanua mwanya ni kuongeza la tatu.

Kinachoiokoa dizeli ni muda. Mgandamizo wa juu unadumu kwa nyuzi chache tu za mzunguko, na oili haiwezi kukimbia yote kwa muda mfupi hivyo. Inabanwa, inapinga, halafu mzigo unapita. Mwanya ukiwa mdogo oili inapata njia finyu ya kutorokea na inapinga kwa nguvu. Mwanya ukiwa mpana kranki inapata pa kukimbilia kabla ya kugonga. Sikio la fundi linaisikia tofauti hiyo: dizeli yenye beringi zilizolegea ina mlio mzito wa chini asubuhi, kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja.

Oili uliyoichagua siyo inayozunguka

Oili ya 15W-40, ambayo dizeli nyingi zinaijua kuliko nyingine, kwa vipimo vya SAE lazima iwe na mnato kati ya 12.5 na 16.3 kwa nyuzi 100. Kuna kipimo kingine ambacho kwa beringi kina uzito zaidi: mnato kwa nyuzi 150 oili ikiwa inakwanguliwa kwa kasi kubwa, kama inavyotokea ndani ya mwanya wenyewe. Kwa 15W-40 haupaswi kushuka chini ya 3.7, namba hizi zikiwa za millipascal-sekunde, si sentistoki. Kwa daraja la 30 kiwango cha chini ni 2.9.

Sasa weka injekta kubwa. Dizeli isiyowaka yote inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Injini zinazosafisha kichujio cha masizi kwa kuingiza dizeli ya ziada baada ya moto zinafanya hivyo hata zikiwa hazijaguswa. Oili ya daraja la 40 iliyomeza dizeli inajikuta na mnato wa daraja la 30 bila mtu kubadilisha chochote. Masizi nayo yanafanya kinyume, yanaifanya oili kuwa nzito, ila uzito wa namna hiyo hauisaidii beringi. Ni uchafu uliotanda.

Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia mwanya napenda kumuuliza mtu injekta zake zina hali gani na oili anabadilisha baada ya muda gani. Wengi wanadhani nakwepa swali.

Kama injini ni ya mashindano tupu, inayopashwa moto taratibu na kukimbia kwa dakika chache, unaweza kutumia oili nzito ya daraja la 50 na mwanya uliofunguka kidogo, na oili hiyo itavumilia dizeli inayoingia humo. Kama ni gari la kuendea kazini, linalowashwa kukiwa na baridi na kuondoka papo hapo, oili nzito itachelewa kufika kwenye beringi za mwisho wa mstari. Hapo baki na 40 na mwanya wa wastani.

Unachopima mezani

Sehemu hii ndiyo inayoharibu injini nyingi kuliko kuchagua namba mbaya, maana mtu anadhani ana 0.060 kumbe ana 0.047.

Niliwahi kupima kranki iliyotoka kuoshwa kwa maji moto. Niliikausha, nikaisubiri kidogo, nikaigusa nikaona ni vuguvugu tu, nikapima. Namba zikaniambia mwanya ni mdogo. Nikaagiza beringi zile za kuongeza nafasi. Asubuhi yake, kabla ya kufunga, nikapima tena kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, na kranki yote ilikuwa imepungua kama maikroni 12. Chuma cha kipenyo cha milimita 70 kinavimba maikroni 8 na ushee kwa kila nyuzi 10 za joto. Mkono wangu uliita vuguvugu kitu kilichokuwa nyuzi 15 juu ya maikromita. Tangu hapo kranki, bloku, konrodi, maikromita na boa geji (geji ya kupimia kipenyo cha ndani) vinalala chumba kimoja usiku kucha. Kipimo cha dunia nzima kinahesabiwa kwa nyuzi 20. Usipoweza kuzifikia, angalau vyote viwe na joto moja, maana chuma na chuma vinavimba pamoja na kosa linajifuta.

Pima shingo kwa maikromita, kisha weka maikromita hiyohiyo kwenye kipimo hicho, uifunge, na uiwekee boa geji sifuri humo ndani. Geji ikiingia kwenye beringi iliyokazwa, mshale unakuonyesha mwanya moja kwa moja. Isogeze taratibu mbele na nyuma. Mshale utakwenda, utasimama, utarudi. Pale unapogeuka ndipo penye kipimo. Ukiutazama mara kumi utaanza kuuamini.

Pima wima, yaani kwa pembe mraba na maungio ya kepi, ile kofia inayofungwa kwa bolti kushika nusu ya pili ya beringi. Ganda la beringi halina unene mmoja: ni nene katikati na linakonda kuelekea maungio, kwa makusudi, ili nyumba ikibanwa pembeni isiikwaruze kranki. Ukipima karibu na maungio utapata mwanya mkubwa wa kukufurahisha, na ni wa uongo. Ule uzi wa plastiki unaobanwa chini ya kepi ni mzuri kwa kukagua kama hujakosea sana. Kwa kuchagua kati ya 0.055 na 0.065 siutegemei.

Bolti ziwe zile zitakazobaki kwenye injini, zikiwa zimepakwa mafuta yaleyale utakayotumia mwisho. Bolti ngumu zaidi zinavuta kepi kwa nguvu zaidi na kubadilisha umbo la shimo. Anayeweka bolti mpya za nguvu kwenye meni bila kupeleka bloku ikasawazishwe mstari mzima wa mashimo anapima injini moja na kuendesha nyingine.

Na nyumba ya beringi, yaani shimo tupu kabla ya ganda kuingia, usiiguse ili kupata mwanya. Kila nusu ya beringi imetengenezwa izidi kidogo ukingo wa nyumba yake. Kepi ikikazwa, ziada hiyo inabanwa na kulisukuma ganda lishike ukuta. Huo mbano ndio unaolizuia ganda lisizunguke na ndio unaopitisha joto kwenda kwenye chuma kikubwa. Kale kakidole kanakochomoza kwenye ganda hakazuii kitu, kapo ili fundi asikosee mahali pa kuliweka. Ukiipanua nyumba, mwanya unaupata, mbano unaupoteza.

Hata ukipima kwa usahihi wote huo, injini ikipata mzigo mambo yanasogea. Kranki inapinda kati ya meni na meni, kepi zinatetemeka, bloku inajinyonga. Bloku nyingi za dizeli ni za chuma cha kutupwa, na joto halitawanyi sana chuma hicho na kranki, kwa kuwa vinavimba karibu sawa. Bloku ya aluminiamu ni habari nyingine: inavimba karibu mara mbili ya chuma, na mwanya wa meni unafunguka wenyewe injini ikipata moto, kwa hiyo mezani unaanza na mdogo zaidi.

Kranki inayopinda inalalia kingo za beringi. Hapo ndipo hoja ya wanaofungua meni ina ukweli: mwanya mkubwa kidogo unaipa kranki nafasi ya kuinama bila kukata kingo. Naikubali kwa meni, kwa kiasi. Lakini mtu akiwa na tatizo la bloku kunyumbuka, dawa ni kuimarisha bloku na kepi. Mwanya unaficha ugonjwa kwa muda.

Tufunge namba

Kanuni ya mafundi wa zamani ni thau moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo cha shingo. Kwa milimita ni rahisi zaidi: gawanya kipenyo kwa 1,000. Hiyo ndiyo sehemu ya kuanzia, na kwa dizeli yenye oili ya 15W-40 naiona kama dari zaidi ya sakafu. Sakafu yangu ni kama 0.7 ya hiyo.

Kwa ile Cummins, shingo ya konrodi ni milimita 69 na ya meni ni 83. Konrodi basi ziko kati ya 0.048 na 0.069, meni kati ya 0.058 na 0.083. Kwa gari la barabarani lililoongezewa nguvu mpaka karibu mara mbili ya kiwanda ningelenga 0.060 kwenye konrodi na 0.075 kwenye meni. Kwa trekta ya mashindano yenye oili ya 50 na bloku iliyoimarishwa ningekwenda 0.068 na 0.083, nikaishia hapo. Mtu akinionyesha konrodi zenye 0.090 kwenye dizeli ya barabarani namuuliza oili gani itajaza shimo hilo injini ikiwa na moto na inazunguka 700 tu.

Namba hizo ni za injini hiyo. Yako ina vipenyo vyake na ina kitabu cha kiwanda, na ruhusa ya kiwanda huwa pana kwa sababu wanafunga maelfu ya injini kwa vipuri vinavyotofautiana. Wewe unafunga moja. Unaweza kuchagua mahali ndani ya ruhusa hiyo, na shingo zote zikalingana.

Kulingana kwenyewe kuna thamani kuliko watu wanavyoipa. Konrodi 5 zenye 0.060 na moja yenye 0.075 si injini ya wastani wa 0.0625. Ile moja inavuja karibu mara 2 ya wenzake na kuwapunguzia.

Kufika kwenye namba kuna njia chache. Watengenezaji wengi wa beringi za kazi nzito wanatoa seti zinazoongeza thau moja, yaani 0.025. Ukichanganya nusu moja ya seti hiyo na nusu moja ya stendadi unapata nusu ya nyongeza, 0.013 hivi, fanya hivyo kwa mpangilio uleule kwenye konrodi zote, na usichanganye saizi zilizopishana zaidi ya hapo. Beringi zilizopakwa tabaka la kuteleza zinakula mwanya kidogo, kwa hiyo zipime zikiwa na rangi yake, usihesabu kichwani. Kung'arisha kranki kunaondoa maikroni chache na kunatosha mara nyingi. Kuisaga hadi saizi ya 0.25 ni uamuzi mkubwa: kama ngozi ya nje ya kranki iliimarishwa kwa naitrojeni, ngozi hiyo ni nyembamba, na jiwe la kusagia linaweza kuimaliza. Pembe za duara kwenye mizizi ya shingo nazo zisikatwe zikawa kali, kranki huvunjikia hapo.

Usisahau kwamba shingo yenyewe ikiwa na umbo la yai au imeinama upande mmoja kwa maikroni 10, umekwisha kula sehemu ya sita ya mwanya wa 0.060 kabla hujaanza.

Geji ya oili inasema nini

Presha ni ukinzani. Pampu inasukuma oili, mianya inaiachia, na geji inasoma mvutano kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo presha kubwa haina maana kwamba beringi zinapata oili nyingi. Inaweza kuwa mianya imebana na vali ya pampu inairudisha ziada kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nimeona mtu akibadilisha pampu aweke kubwa ili geji ipande, akafurahi. Beringi hazikubadilika. Alichopata ni pampu inayokula nguvu zaidi na oili yenye moto zaidi.

Kanuni ya pauni 10 za presha kwa kila mizunguko 1,000 ni ya zamani na inatumika, lakini kwa dizeli ya nguvu naiona kama mwisho wa chini. Kipimo ninachokiangalia zaidi ni injini ikiwa na moto kamili, iko sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa. Mshale ukilala hapo wakati ulikuwa juu asubuhi, ama mwanya ni mpana kwa oili hiyo, ama oili imemeza dizeli. Nusa kijiti cha oili kwanza kabla ya kushusha sampu.

Baada ya saa kadhaa

Injini ya mashindano ni ya kufunguliwa. Ukishusha sampu, toa kepi moja ya konrodi, ile ya silinda unayoishuku, sukuma pistoni juu taratibu usiikwaruze shingo, utoe nusu ya juu. Hiyo ndiyo iliyobeba tani zote.

Ukikuta alama ya kusuguliwa imejikusanya katikati kama kidole, nyembamba na yenye kung'aa, kranki ilikuwa gilasi ndogo ndani ya kubwa. Ukikuta kingo mbili zimekwisha na katikati kuko kwema, kitu kilipinda. Ukikuta mikwaruzo karibu na maungio, nyumba ilibana, au mwanya wa pembeni ulikuwa mdogo. Nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka juani ni uchovu wa ngozi ya kijivu, na hapo tatizo laweza kuwa moto unaowashwa mapema mno kwenye programu ya injini kuliko mwanya wenyewe. Shaba ikionekana, seti nzima inatoka.

Na ukikuta kijivu kisichong'aa, kimetanda sawa kutoka katikati kuelekea pande zote mbili na kufifia kabla ya maungio, andika mwanya uliokuwa nao pamoja na aina ya oili kwenye daftari la injini hiyo. Kisha weka oili mpya kwenye ganda, lirudishe kwenye konrodi ileile upande uleule, na kama bolti zake ni zile zinazovutwa mpaka zinarefuka, tafuta mpya kabla ya kufunga kepi.